Tulimwandikia sifuri anayemgeuza Mama saa nane usiku (uzi mrefu, watu wa Kusini njooni)

#1 mjomba_mkuu

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Ila wewe uliye mjini, mzazi yuko kijijini, na kila mwezi unatuma "ya matumizi" halafu unalala usingizi, naomba uvute kiti.

Mimi ni kifungua mimba, tumezaliwa watano. Kwetu ni kijiji kimoja huko juu kati ya Newala na Tandahimba, jina nisilitaje. Naendesha lori, makazi Dar. Mama alipigwa kiharusi mwaka jana mwezi wa sita, watu wakiwa mashambani wanapulizia mikorosho salfa (dawa ya ukungu). Upande wa kulia wote ukalala. Maneno nayo yakaenda, akabaki na mawili: "haya" na "hapana". Alilazwa wiki tatu, akaruhusiwa arudi nyumbani. Nyumbani maana yake kwa Somoe (jina si lake), mdogo wetu wa tatu, ndiye pekee aliyebaki kijijini. Nyumba yake na ya Mama zinatenganishwa na mwembe.

Tukafanya kama familia zote za siku hizi, tukafungua grupu la WhatsApp. Mwenyekiti mimi, maana ndiye mjomba wa nyumba, na kwetu mnajua, ukoo unafuata mama na neno la mjomba ni zito. Wa pili ni mhasibu Mtwara mjini, huyo akawa mweka hazina. Akatuchorea jedwali zuri sana: jina, mwezi, kiasi, salio. Mimi 80,000. Yeye 60,000. Wa nne ni mwalimu Liwale, 40,000. Kitinda mimba ana bodaboda Lindi, 20,000 akijaliwa. Mstari wa Somoe: 0. Miezi kumi na saba mfululizo, 0, 0, 0.

Sasa ngoja niseme la aibu. Mwezi wa nane mwaka huu nilirekodi sauti nikiwa Kibiti nasubiri tairi, nikaitupa kwenye grupu. Nikasema kuna watu humu mchango wao hauonekani, wajitafakari, Mama ni wetu sote. Somoe hakujibu neno. Baada ya kama saa moja akatuma picha: Mama ameketi kwenye kiti cha plastiki kibarazani, kanga safi, kichwa kimefungwa vizuri, mguu uliolala umewekewa kigoda. Nikaweka dole gumba, safari ikaendelea.

Mwezi wa kumi na moja nikapata mzigo wa Mtwara, gari likaharibika gia, kifaa kikaagizwa. Siku tisa sina kazi. Nikapanda kijijini. Nafika tu, Somoe ananiambia: "Kaka, Mungu amekuleta. Korosho zangu ziko chini, mvua ikipiga nimekwisha. Utakaa na Mama nikaokote?" Nikacheka. Kukaa tu? Mimi ninayekaa kwenye usukani saa kumi na nne?

Usiku wa kwanza alinionyesha. Saa nne unamgeuza kushoto. Saa sita chali, mto chini ya magoti. Saa nane kulia, lakini si sana, upande ule haujisikii. Saa kumi tena. Asubuhi unatazama visigino, nyonga na pale chini ya mgongo kama ngozi imebadilika rangi. Hajatumia saa wala alamu. Anaamka mwenyewe. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu hospitali walivyomwambia. Miezi kumi na saba huyu mtu hajalala saa tatu mfululizo, na mimi nimemrekodia sauti.

Uji kikombe kimoja ni dakika arobaini na tano. Kijiko kidogo, upande wa kushoto wa mdomo, subiri ameze, tazama koo, kijiko kingine. Ukiharakisha anapaliwa. Siku ya pili niliharakisha. Sitaki kukumbuka.

Halafu kuna maji. Wasiojua, huku juu hakuna mto wala kisima cha maana. Maji yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, yakikatika unanunua ndoo. Mgonjwa wa kitandani anayejisaidia palepale ni shuka, kanga, shuka, kanga. Siku ya tumbo kuharibika nilitumia ndoo tisa. Mwenzangu uliye na bomba ndani, ndoo tisa hujui ni nini.

Na kuna kumwogesha. Mimi ni mtoto wa kiume, nina miaka 47. Siku ya kwanza akaja bibi jirani. Siku ya pili jirani naye yuko kwenye korosho zake, na Mama amechafuka, nzi wanaanza kuja. Nikazunguka nyumba mara mbili. Nikaingia. Mama aliponiona na beseni akafumba macho. Nikafumba na mimi. Sasa, wakuu, huwezi kumwogesha mtu umefumba macho. Nikayafungua, nikafanya kazi. Nilipomaliza nikamfunika kanga mpya, akasema "haya". Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe, sijui nilikaa muda gani.

Siku ya sita nilikuwa natafuta kadi ya kliniki kwenye kopo la biskuti la Somoe, nikakuta risiti zake za korosho za chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa kabla Mama hajaugua alipeleka ghalani kilo 640. Msimu uliofuata, kilo 210. Mikorosho ni ileile. Kilo 430 zimekwenda wapi? Zimeoza chini, nyingine zimeokotwa na wapita njia, na palizi hakupalilia. Weka bei ya chini kabisa, 2,500 kwa kilo: ni shilingi 1,075,000. Mimi mwenyekiti, kwa mwaka mzima natoa 960,000. Yaani aliyeandikiwa sifuri amenizidi, na hapo hatujahesabu hata usiku mmoja.

Nimelipeleka grupu. Nimesema Somoe aandikwe, na apate kiasi kila mwezi, na kila mmoja aje kwa zamu apumzike. Mhasibu amekataa. Anasema mama halipiwi, ni radhi, tukianza kulipana tutafika pabaya. Mwalimu kanyamaza. Naomba mawazo yenu, nyie mmefanyaje?

#2 Ming'oko Mbichi

Nimesoma yote. Hapo kwenye dole gumba umenimaliza.

#3 kangomba_mstaafu

Mleta uzi unaandika vizuri, ila mdogo wako mhasibu yuko sahihi. Unamlipa binti kwa kumlea mama aliyemzaa? Kesho na Mama naye atoe ankara ya kumnyonyesha? Na usitufiche kitu, kwenu huko nyumba ya mama na mikorosho ya mama si inabaki kwa mabinti? Basi analea mali yake. Nyie wanaume ndio mmetoka patupu na bado mnatuma hela. Mimi naona Somoe hana hasara.

#4 bi_mikindani

@kangomba_mstaafu samahani baba, nimekuheshimu lakini nijibu. Radhi nitaipata, inshallah. Shuka nani anafua?

Nimemuuguza mama mkwe miaka sita hapa Mikindani. Nilikuwa na cherehani yangu barazani, nashona sare za shule na madira, nina wateja mpaka Naumbu. Mwaka wa kwanza nilishona usiku. Mwaka wa pili cherehani ikafunikwa shuka. Mwaka wa tatu watoto wakaigeuza meza. Mawifi walikuja Idi na Idi, wanalia kwa sauti mlangoni, wanamshika mkono, wanapiga picha, saa kumi jioni basi linaondoka. Wakaniambia "wifi Mungu atakulipa". Nikasema amina. Sikuwa nataka mshahara, kwa kweli. Nilitaka mtu mmoja aseme leo wewe lala, mimi nipo.

Amekufa, tumemaliza arobaini, wamekaa wenyewe kugawana. Mimi mke wa mtoto, nikatoka na doti mbili za kanga na mkeka. Mgongo wangu mpaka leo nikiinama kuchota maji lazima nishike ukuta.

Na hilo la kurithi, baba, Somoe anakula nini *leo*? Mkorosho usiopaliliwa hauzai kwa sababu wewe ni mrithi wake.

#5 nesi_wa_zamani

Nimefanya kazi wodini huku Kusini miaka mingi, sasa nimestaafu. Ugomvi wa hela siuingilii. Mleta mada, huyo mdogo wako amefanya uuguzi wa hali ya juu. Mgonjwa wa kiharusi miezi kumi na saba kitandani bila kidonda! Kuna wagonjwa tumepokea baada ya wiki mbili tu nyumbani, kidonda kinaonyesha mfupa.

Machache tu. Mnapomgeuza msimvute kwa mkono uliolala, bega linachomoka kirahisi maana misuli haishiki tena. Shikeni bega na nyonga kwa pamoja, mumviringishe. Akila akae wima, na akimaliza msimlaze kabla ya nusu saa. Kinachompalia zaidi ni maji matupu na chai, siyo uji mzito. Nailoni ya kuzuia godoro lisilowe ni sawa, lakini juu yake iwepo kanga ya pamba, jasho linaozesha ngozi. Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu, tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi, panang'aa, pa moto ukigusa. Dawa ya presha kila siku, haisubiri kichwa kiume.

Kuogesha: mfunike shuka mwili mzima, funua kiungo kimoja, osha, kausha, funika, nenda kingine. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa, na mtoto wa kiume anaweza bila kumvunjia mama heshima. Ulipozunguka nyumba mara mbili ulikuwa huna mtu wa kukwambia hili, basi.

Mama kama amevuka 60 na hana uwezo wa kulipia, sera ya serikali kwa wazee inasema atibiwe bure. Fuatilieni kitambulisho kupitia serikali ya kijiji na ustawi wa jamii. Na huyo Somoe, je, nani amempima presha yeye?

#6 karani_wa_kusini

Niongeze la sheria kidogo, kwa sababu hoja ya "kazi ya nyumbani si mchango" ilishafika Mahakama ya Rufani zamani. Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inasema mahakama ikigawa mali ya wanandoa itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Majaji walikuwa wamegawanyika: kupika, kufua, kulea, ni kazi au ni wajibu wa mke tu? Mahakama chini ya Jaji Mkuu Nyalali ikasema ni mchango. Mwenyewe Bi Hawa siku ile hakuambulia, kwa kuwa ilionekana mumewe alishampa fedha za mradi, naye Bi Hawa akazitapanya, lakini wanawake wengi waliofuata wamepita kwenye mlango alioufungua yeye. Hiyo ni ya mke na mume, @bi_mikindani, mirathi ya mkwe ni habari nyingine. Nasema tu kwamba nchi hii ilishakubali zaidi ya miaka 40 iliyopita kwamba anayefua anachangia.

Upande wa waajiriwa ndiyo balaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inatoa siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifa, au ukifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Isome taratibu. Mzazi *akifa* umo. Mzazi akiugua, kifungu hicho hakimtaji. Kwa hiyo @mjomba_mkuu, mdogo wako mwalimu aliyenyamaza huenda hanyamazi kwa ubaya.

Na tukitaka kujua soko linampa bei gani mtu wa kazi hii: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kuwa 60,000 kwa mwezi. Kwa mwezi! Kwa hiyo hata anayelipwa, halipwi.

#7 Ming'oko Mbichi

60,000 na usiku anaamka mara nne. Gunia la korosho lina heshima kuliko binadamu.

#8 mnyasa_ughaibuni

Niko Uingereza, nafanya hiyo hiyo kazi kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo naijua kutoka pande zote mbili. Namgeuza mzee wa watu kila saa mbili, nalipwa kwa saa. Kwetu Masasi mdogo wangu anamgeuza baba yetu bure. Hela ninayolipwa kwa kumgeuza mzee wa Kizungu ndiyo natuma anunuliwe pampasi baba. Nikiwaza sana hili silali.

Huku ndugu anayemuuguza mtu angalau saa 35 kwa wiki anaweza kuomba posho ya serikali. Ni ndogo, watu wanailalamikia, ila ipo, ina jina. Ujerumani wana bima ya kuuguzwa tangu 1995, na familia ikiuguza yenyewe nyumbani inapata fedha. Zanzibar nao walianza pensheni ya wazee wote wenye miaka 70 mwaka 2016, kwa 20,000 kwa mwezi. Hiyo ni ya mzee, siyo ya anayemwosha, lakini nyumba yenye mzee mwenye chochote mkononi haifanani na isiyo nacho. Kwa Bara mtu anaangukia TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kama kaya yake imeingia kwenye orodha, na mnajua orodha zilivyo.

Shirika la Kazi Duniani walihesabu mwaka 2018: kazi ya kulea, kuuguza na ya nyumbani isiyolipwa ni saa bilioni 16.4 kwa siku katika nchi 64 walizozipima, na robo tatu ni za wanawake. Nikaisoma hiyo namba nikamwona mdogo wangu ameshika ndoo.

#9 kangomba_mstaafu

Sawa, nimepigwa pande zote, mzee nakubali kipigo. Lakini nijibiwe hili moja, bila matusi. Mkianza kuandika bei, yule wa bodaboda mwenye 20,000 atasemaje siku akija kuuguza? Naye atadai? Na Somoe akishalipwa, si ndiyo nyie mtasema "tumemlipa" halafu msikanyage tena? Naogopa hela itawanunulia ruhusa ya kutokuja. Hiyo nimeiona kwa macho yangu, kwa kaka zangu, mwaka ule wa korosho kununuliwa na serikali, 2018. Walituma hela nyingi kuliko mwaka wowote, na Mzee alikufa hakuna aliyekuwepo ila mimi.

#10 bi_mikindani

Baba, kumbe ulikuwa na lako moyoni. Pole.

#11 mjomba_mkuu

Nimerudi, samahani nilikuwa barabarani. Nawashukuru, hata walionikanda.

@nesi_wa_zamani nilimpigia Somoe siku ileile, nikamwambia nenda zahanati ukapime. 160 kwa 100. Ana miaka 39. Ameanzishiwa dawa. Kwa hilo peke yake Mungu akubariki.

@kangomba_mstaafu swali lako ndilo lililotugawa kwenye kikao. Tulikaa kwa simu, muda wa saa mbili na nusu. Mhasibu aligoma kata kata kuandika shilingi kwenye mstari wa Somoe. Mwalimu ndiye akatoa njia, yule niliyedhani kanyamaza kwa ubahili: akasema basi tuongeze safu. Safu ya hela ibaki, pembeni iwe safu ya *usiku*. Umelala chumba cha Mama usiku mmoja, umeandikwa moja. Hela haiingii kwenye safu ile hata utume milioni. Mhasibu akakaa kimya, halafu akasema hiyo anaweza kuiandika.

Hela tumeipanga kivyake: kutoka kwenye mchango tunalipa vibarua wawili wa palizi kwenye mikorosho ya Somoe na salfa yake ikifika mwezi wa tano, na tunanunua simtanki la lita 1,000. Mkononi hatumpi kitu. Bado sijaridhika na hilo, ila ndiyo tulipofika bila kugombana.

Shule zilipofungwa mwalimu akaja kutoka Liwale. Somoe akapelekwa Mtwara kwa mhasibu, siku saba, asifanye kitu. Shemeji anasema siku ya kwanza alilala mpaka saa tano asubuhi, na usiku wake wanamsikia anaamka, saa nne, saa sita, saa nane, anakaa kitandani kidogo, anajilaza tena. Msimu huu amepeleka kilo 380, na zingine nilimwokotea mimi zile siku tisa, jioni jirani akimshika Mama.

Jedwali la Desemba mhasibu alilibandika jana. Usiku: Somoe 24, mwalimu 4, kitinda mimba 3. Yeye mwenyewe 0, na mimi mwenyekiti 0.

Kitinda mimba akaweka dole gumba.